Tone la Mfereji na Hisabu Yake

Katika darasa yetu moja baada ya sala ya Isha lilizuka suali lililotuchekesha kwanza, kisha likatunyamazisha. Mfereji wa chooni ukidondoka usiku kucha, je, mwenye nyumba huwa amefanya israfu? Mwenzetu mmoja alijibu kwamba israfu ni kitendo, na mtu huyu hakutenda lolote. Amelala zake, na maji yanakwenda yenyewe. Mwengine akasema: Maji ni yake, na gharama ailipa mwenyewe, ni nani basi aliyedhulumiwa?

Natuanze na hisabu. Matone ishirini hivi hutimiza mililita moja. Mfereji unaotoa tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku, yaani lita nne na zaidi. Imepokewa kwa Anas katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Na kibaba hicho ni kiasi cha thuluthi mbili za lita. Basi tone tunalolidharau huondoka kila siku na udhu wa watu sita, na kwa mwaka huondoka na mitungi 78 ya lita 20.

Na maji haya yatoka wapi? Wazee wetu waliyavuta kwa kamba visimani, na mkono uliojua uzito wa ndoo haukumwaga ovyo. Leo maji ya Mombasa yaja kutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere huko Kwale, na visima vya Tiwi, wala hayautoshi mji. Wako jirani zetu wanaonunua mtungi mmoja mmoja kwa wenye mikokoteni. Kwa hivyo neno la "nalipa mwenyewe" halitoshi. Fedha ni yako, lakini maji yaliyopotea yamepunguka katika fungu la wote.

Ama yule aliyesema kwamba mtu huyu hakutenda kitu, twamjibu hivi: Kabla hajasikia, hana lawama. Lakini tangu alipolisikia tone, akageuka upande wa pili akalala, kuacha kwake kumekuwa ni kitendo. Mlinzi aliyemuona mwizi akanyamaza hawezi kujitetea kwa kusema, "Mimi sikuiba."

Wako na wale ambao dawa yao ni kukaza. Ndani ya mfereji mna kipande cha mpira kinachoziba tundu la maji. Kikichakaa, maji hupenya. Kukaza kwa nguvu hulinyamazisha tone kwa siku mbili, lakini huzidi kuukata mpira, na mwisho huharibu hata pale unapokalia. Matengenezo yenyewe ni mepesi. Funga koki kuu ya nyumba, fungua mfereji maji yaishe, legeza kichwa chake kwa spana, utoe mpira uliochakaa, utie mpya wa kipimo kile kile, kisha urudishe. Ukiona makalio ya mpira yamechimbika, muite fundi, kwani hata huo mpya utakatwa.

Katika nyumba za kupanga tone huishi zaidi: mpangaji amngoja mwenye nyumba, na mwenye nyumba amngoja mpangaji. Jambo hili twalifananisha na fardhi kifaya: mmoja akiitenda, wote wamesalimika, wote wakiiacha, wote wamelaumika. Na atangulie aliye karibu; hisabu ya shilingi itafuata baadaye.

Sisi twaona kwamba hatari kubwa haimo katika maji, bali imo katika sikio. Usiku wa kwanza tone hutukosesha usingizi. Usiku wa kumi hatulisikii, na mfereji ni ule ule. Hivyo ndivyo aibu nyingi za majumbani na za mjini zilivyopata makao kwetu. Hazikwisha, ila tumezizowea.

Basi, ndugu msomaji, usiku huu kabla ya kulala simama mlangoni mwa choo chako usikilize. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote. Amin.