Dirisha Lichaguliwe na Wawili



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine mtashangaa kulikuta katika ukurasa wa ndoa, yaani madirisha ya nyumba mpya. Msiseme kwamba hayo ni mambo ya fundi. Nyumba nyingi za Ukambani, kutoka Mwingi hadi Kibwezi, zimejengwa kwa jasho la mume na mke, na hata hivyo ugomvi wa kwanza chini ya mabati mapya ukaanzia dirishani.

Hebu mfikirie bwana anayefanya kazi Mombasa. Kila mwisho wa mwezi hutuma pesa nyumbani Kitui. Bibi ndiye aliyesimamia matofali yakichomwa, ndiye aliyeteka maji ya kujengea kutoka mbali, ndiye aliyewapikia mafundi. Kuta zilipofika kiunoni, bwana akampigia simu fundi wa kulehemu, akaagiza madirisha manne makubwa upande wa barabara, ili kila apitaye ajue kwamba hapa pana mtu. Jikoni akaacha kitundu tu. Bibi akaja kusikia habari hiyo kwa fundi. Hakugomba, alinyamaza. Krismasi bwana aliporudi alikuta nyumba ya kupendeza na mke asiyesema naye.

Je, kosa lilikuwa la vioo? La. Kosa ni kwamba anayelala nyumbani siku chache kwa mwaka alimkatia shauri anayeishi humo kila siku, bila hata kumwuliza. Na akina mama nao wasijihesabie haki. Wako wanaochukua mkopo wa chama kwa siri ili wapate vioo kama vya jirani, na mume akaja kujua siku ya kudaiwa. Siku mlipofunga ndoa kanisani mlikubali kuwa mwili mmoja. Mwili mmoja hauwezi kujenga nyumba kwa akili mbili zilizofichana.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha madirisha mawili. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, Mikali alichungulia dirishani, akamwona mumewe Daudi akicheza mbele ya Sanduku la Bwana, akamdharau moyoni. Katika Kitabu cha Tobiti, Sara binti Ragueli, aliyekuwa amekata tamaa ya kuishi, alisimama dirishani akainua mikono yake kwa Mungu. Mungu akamsikia, akampatia Tobia, nao wakauanza usiku wao wa kwanza kwa sala. Mmoja alitazama akadharau, mwingine alitazama akasali. Nyumbani kwenu mtu akisimama dirishani na kumwona mwenzake akija njiani, moyo wake husema nini?

Basi, kabla ya kumwita fundi, ninyi wawili zungukeni pamoja mahali nyumba itakaposimama. Nendeni asubuhi, kisha mrudi saa tisa mchana. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo ukuta wa mashariki na ule wa magharibi ndio unaochomwa na jua. Mutomo au Kibwezi, dirisha kubwa la magharibi hugeuza chumba kuwa tanuri saa za jioni. Yale makubwa yaelekezeni kaskazini na kusini, na la magharibi liwe dogo au likae chini ya kivuli cha veranda. Lakini mkiwa kwenye milima ya Mbooni au Kilungu, ambako mwezi wa Julai kuna ukungu na baridi, jua la asubuhi chumbani ni baraka. Msiige nyumba ya mtu wa sehemu nyingine.

Hewa nayo haikai chumbani bila njia ya kutokea. Dirisha moja peke yake huingiza upepo kidogo, ila mawili yanayoelekeana huupitisha. Jikoni ndipo pa kuangaliwa kwanza, kwa maana moshi wa kuni huharibu macho na mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Makaa nayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo imewaua watu usingizini. Wekeni dirisha jikoni mkabala na mlango, na matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Vyumbani wekeni wavu wa kuzuia mbu. Na vile vyuma vya kuzuia mwizi, angalau katika chumba kimoja viwe na bawaba na kufuli la ndani, na nyote mjue ufunguo uliko, maana moto ukiwaka, kilichomzuia mwizi kisije kikawazuia watoto.

Lakini pesa zikipungua? Bwana wetu, katika Injili ya Luka, alitaja mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara asije akachekwa. Ketini nanyi mhesabu. Msiuze mbuzi wa karo ya shule kwa ajili ya kioo, wala msisahau mifereji na tangi la maji ya mvua, kwa sababu kwetu mvua haina mazoea ya kukawia. Mkishindwa kununua yote, acheni nafasi zote za madirisha ukutani pamoja na boriti ya saruji juu yake, kisha mfunge kwa mbao hadi Mungu atakapojalia. Kioo hungoja. Ukuta ukishajengwa, kuutoboa ni hasara na ni hatari.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliita familia kanisa la nyumbani. Iwe mko katika Jimbo la Kitui, au katika Jimbo la Wote lililoundwa mwaka 2023, kanisa hilo dogo ni lenu, na Mungu hakuliweka mkono wa mmoja tu.

Na wewe bwana uliyekwisha kuagiza peke yako, usiseme kwamba mambo yamepita. Mwambie mkeo, “Nilikosea sikukuuliza,” kisha muulize jikoni panahitaji nini, na pesa zitakazofuata zianzie hapo. Na wewe mama uliyenyamaza, mwambie kwa upole kilichokuuma. Kunyamaza kwa hasira ni kama dirisha lililojengewa matofali.

Jumapili hii baada ya Misa chukueni karatasi moja. Kila mmoja ataje dirisha moja analolitaka na sababu yake, mwenzake akisikiliza bila kumkatiza. Anayekaa mbali asikilize kwa simu. Kisha salini Baba Yetu pamoja. Nyumba ikiisha, mwiteni padre aibariki, jumuiya yenu ndogo ndogo ikiwepo, na mfungue madirisha yote. Anayekaa ndani akiwa na amani, apitaye barabarani ataiona bila kuonyeshwa.

Mungu awabariki katika ujenzi wenu.