Je, Kusitisha Tiba ni Sawa na Kutoianza?

Wengi wanaoandika juu ya maadili ya tiba hushikilia kwamba kumnyima mgonjwa tiba na kumwondolea aliyokwisha kupewa ni jambo moja: sababu ikiwa njema, haijalishi umeacha kabla ya kuanza au baadaye. Kanuni hiyo imewaepusha wengi na mateso ya kurefushiwa kufa kwa mashine. Hata hivyo inapwaya mbele ya oksidi ya nitriki, gesi anayovutishwa mtoto ambaye, baada ya upasuaji wa moyo, mishipa ya mapafu yake hujibana ghafla hadi upande wa kulia wa moyo ushindwe kusukuma damu. Gesi hulegeza mishipa hiyo, kisha hudakwa na himoglobini kabla haijafika kwingine, kwa hiyo shinikizo la damu mwilini haliporomoki. Mwili wenyewe huitengeneza gesi hiyohiyo, ugunduzi uliowapa Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998, na ugumu unaanzia hapo: ikiletwa kutoka nje, mwili hupunguza kuitengeneza. Mtungi ukifungwa ghafla mishipa hujibana tena, pengine kuliko mwanzo, na hilo limeonekana hata kwa vichanga ambao gesi haikuwapa nafuu yoyote. Basi anayefunga mtungi hamrudishi mtoto pale alipomkuta. Anaweza kumwacha pabaya zaidi, na ubaya huo umetoka mkononi mwake.

Atauliza mtu: hospitali yenye mitungi michache imwache mtoto afe ilhali gesi imo stoo? Swali hili linauma, maana gesi ni ghali mno. Lakini sidai tiba isianzwe, wala iendelezwe bila kikomo. Nadai njia ya kutokea ipangwe kabla ya kuingia. Kipimo kipunguzwe kidogo kidogo, na mtoto apewe sildenafili, dawa inayolegeza mishipa ya mapafu, kabla ya kufunga. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, watoto 10 kati ya 14 waliopewa dawa bandia walipatwa na mbano huo. Kati ya 15 waliopewa dozi moja ya sildenafili, hakuna hata mmoja. Wengine watasema haijathibitishwa kwamba gesi hii hupunguza vifo baada ya upasuaji wa moyo. Ni kweli, na ukweli huo unauongeza mzigo wa anayeanza: faida ina shaka, madhara ya kukatisha hayana. Kwa hiyo mzazi anayeombwa kutia saini aambiwe pia gesi itaondolewaje, na kama mtungi wa akiba upo.