Injini Kubwa Katika Gari Dogo

Yako maswali ambayo watu huwaachia mafundi, wakidhani ya kwamba ni maswali ya chuma na mafuta tu. Kumbe ndani yake mna swali la mtu na nafsi yake, tena la mtu na jirani yake. Moja la maswali hayo nataka tulitazame mwezi huu. Mtu anayo motakaa ya mbio, naye aipenda. Asikia ya kuwa injini yake yaweza kutolewa, ikatiwa nyingine yenye nguvu zaidi. Je, afanye hivyo? Na akifanya, ametenda vema, au vibaya, au ni kama kubadili kanzu tu, jambo lisilo na wema wala ubaya ndani yake?

Najua msomaji ataniuliza, "Sisi na motakaa za mbio tuna nini? Wengi wetu twapanda baiskeli, na siku ya safari twapanda basi." Ni kweli. Lakini kitu kilicho mbali nasi mara nyingine ndicho kilicho chepesi kuhukumiwa, kwa sababu hatuna tamaa nacho. Baiskeli ya jirani yaweza kunitia kijicho. Gari la Mwingereza halinitii, basi nalitazama kwa macho makavu.

Tuchukue gari moja la kweli, tusije tukabishana juu ya kivuli. Mwaka 1962 kiwanda cha MG, kilichokuwa katika mji wa Abingdon huko Uingereza, kilianza kuuza motakaa ndogo iitwayo MGB. Ni gari la watu wawili, lakaa chini sana karibu na ardhi, na juu yake pana turubai ya kukunja badala ya paa. Injini yake ina silinda nne, ukubwa wake ni lita 1.8, nayo hapo kwanza ilitoa nguvu za farasi 95 hivi. Pamoja na udogo huo, gari hilo laweza kupita mwendo wa kilometa 160 kwa saa. Liliendelea kutengenezwa mpaka Oktoba 1980, na jumla ya magari hayo ikapita 500,000. Mengi yangali yakienda barabarani hata leo, na wenyewe huyatunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa.

Sasa injini yoyote huchakaa. Huanza kula mafuta, hutoa moshi wa rangi ya samawati, na kwenye mlima husikika ikigonga. Hapo mwenye gari amefika njia panda. Aweza kuifungua injini ileile na kuifanya upya, ikarudi kuwa kama ilivyotoka Abingdon. Au aweza kusema, "Maadamu nimekwisha kuing'oa, kwa nini niirudishe? Nitatia ile ya silinda nane." Maana iko injini ya Rover, ya lita 3.5, inayoingia mahali pale bila taabu kubwa mno, na wengi wameitia.

Wa kwanza kushikwa na tamaa hiyo walikuwa wenye kiwanda wenyewe, na habari yao ina mafunzo. Mwaka 1967 walitoa gari liitwalo MGC, ambalo umbo lake ni lile la MGB, lakini ndani mna injini ya silinda sita, karibu lita 3, yenye nguvu za farasi 145. Injini hiyo ilikuwa ya chuma kizito, nayo ilikaa puani mwa gari. Ilikuwa ndefu na kubwa hata ikawapasa kutengeneza upya springi za mbele na kuvimbisha kifuniko kipate kuifunika. Magari yalipotoka, waandishi wa magazeti ya motakaa walilaumu. Walisema pua ni nzito. Ukikata kona, gari lataka kwenda mbele tu, kama punda aliyeona majani ng'ambo ya njia. Lilidumu mpaka 1969, likaachwa, baada ya kutengenezwa kama 9,000 tu.

Wakajaribu tena mwaka 1973. Safari hii walitia injini ya Rover niliyoitaja, iliyobuniwa kwanza Marekani na kampuni ya Buick. Ina silinda nane, lakini imetengenezwa kwa aluminiamu, hata uzito wake haupiti sana ule wa injini ndogo ya silinda nne. Nguvu zake katika gari hilo zilikuwa za farasi 137. Angalia vema, msomaji: ni pungufu kuliko zile 145 za kwanza. Walakini gari hili ndilo lililosifiwa, kwa sababu lilibaki na mizani yake. Mwaka uleule bei ya mafuta ilipanda ulimwenguni kote, na watu wakaogopa injini kubwa. Basi yakatengenezwa 2,591 tu mpaka 1976. Lakini hiyo haikuwa hatia ya mafundi.

Kwa habari hiyo naona haifai tuseme upesi ya kuwa nguvu ni mbaya. Wako watu wema ambao wakisikia neno "zaidi" hukunja uso, kana kwamba kila mwenye kutaka zaidi ni mlafi. Mtu aliyechoka kwa jembe la mkono akatafuta plau hatumlaumu. Wala hatumlaumu mvuvi atakaye tanga kubwa. Lakini mvuvi ajua jambo ambalo mwenye motakaa mara nyingi husahau: tanga kubwa lahitaji mlingoti mnene, na mlingoti mnene wahitaji chombo kipana, na chombo kipana chahitaji mabaharia. Akitundika tanga la jahazi juu ya ngalawa, upepo ukija hautamwuliza alilinunua kwa fedha ngapi.

Mmarekani mmoja, Carroll Shelby, aliyekuwa dereva wa mashindano, aliijaribu njia hiyo mpaka mwisho wake. Mwaka 1961 aliwaandikia watu wa kampuni ya AC ya Uingereza, waliokuwa wakitengeneza gari dogo jepesi liitwalo Ace lenye injini ya lita 2, akaomba kutia ndani yake injini ya Ford ya silinda nane. Hivyo likazaliwa gari liitwalo Cobra. Injini ya kwanza ilikuwa ya lita 4.2. Haikutosha, ikaja ya 4.7. Haikutosha; na mwaka 1965 ikaja ya lita 7. Hapo chasisi ya zamani haikuweza tena. Ikabidi ifanywe mpya, kwa mabomba manene zaidi na springi za namna nyingine, na mwili wa gari ukapanuliwa upate kufunika magurudumu mapana. Hata mwisho, la gari dogo jepesi halikusalia jambo kubwa ila sura. Sisemi Shelby alikosea: yeye alitaka kushinda mashindano, akashinda. Nasema tu kwamba hakuna mtu abadiliye injini peke yake. Aanzaye kwa injini amekwisha kuahidi breki, na mipira ya magurudumu, na springi, na gea, na rejeta. Asipoitimiza ahadi hiyo kwa fedha, ataitimiza mtu mwingine kwa mwili wake.

Na hapa ndipo swali linapoacha kuwa la fundi. Nguvu ya kwenda na nguvu ya kusimama hazikui pamoja. Mwendo ukizidishwa mara mbili, kazi ya breki haizidi mara mbili, bali mara nne. Kitabu cha sheria za njia cha Waingereza chaonyesha hivyo wazi. Motakaa iendayo maili 30 kwa saa, ndiyo kama kilometa 48, baada ya breki kukanyagwa huenda meta 14 ndipo isimame. Ikienda maili 60, huenda meta 55. Tena hapo hatujahesabu meta ilizokwenda dereva angali akifikiri, ambazo kwa mwendo ule mkubwa ni 18. Mtoto avukaye njia hana habari ya hesabu hiyo. Yeye aona gari dogo, zuri, lililo mbali.

Basi wako wenye magari wasemao, "Nitatia injini mwaka huu, na breki nitazitengeneza mwakani nikipata fedha." Neno hilo wengi hulisema kwa nia njema, nami nalihesabu kuwa baya kuliko tamaa yenyewe. Maana mtu huyo amekata shauri kwamba furaha itangulie na usalama ufuate, na kati ya hizo mbili kuna miezi kumi na miwili ambayo wengine wanapita njiani bila kuulizwa. Fedha ni yake, kweli. Gari ni lake. Lakini njia si yake. Kama fedha yatosha kitu kimoja tu, itoshe breki.

Turudi kwa mtu wetu aliyesimama njia panda. Apaswa ajiulize nguvu hizo ataka kuzifanyia nini. Asiseme ni kwa ajili ya mwendo. Huko Uingereza, tangu Desemba 1965, hata katika barabara zilizo pana kuliko zote sheria haikuruhusu kupita maili 70 kwa saa, yaani kilometa 112. Na injini yake ya zamani yaipita hesabu hiyo bila shida. Akisema ni kwa ajili ya kupanda milima, au kulipita lori upesi asikae muda mrefu upande wa pili wa njia, hilo ni neno la haki, nami namkubalia. Akisema apenda mlio wake, namkubalia pia, kwa sababu mlio wa silinda nane zilizopangwa vema ni kitu kizuri, na kupenda kitu kizuri si dhambi. Lakini mara nyingi ukichimba chini ya maneno hayo wakuta lingine: kwamba kuna mwenzake aliyekwisha kutia injini kama hiyo, naye hataki kupitwa. Hapo hakuna injini iwezayo kumtosha. Baada ya lita 3.5 iko ya 3.9, na baada yake iko ya 4.6, na kila moja ikishaingia yawa ya kawaida kwa muda wa mwezi mmoja.

Tena liko jambo ambalo wauzaji hawalitangazi. Aliye na injini ndogo katika gari jepesi huitumia yote. Hubadili gea kwa ustadi, huilinda kasi yake kwenye kona, hujifunza kuisikiliza. Kila farasi katika wale 95 yuko kazini. Aliye na farasi 300 katika gari lilelile hutumia theluthi moja, na wengine huwabeba kama mtu abebaye ngoma asiyoweza kuipiga mjini. Yupi ndiye dereva hasa? Watu wa Afrika ya Mashariki waliliona jibu moja mwaka 1974, katika mashindano ya Safari. Joginder Singh wa Kenya aliendesha Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6, na nyuma yake, katika nafasi ya pili, alikuwa Björn Waldegård wa Sweden na gari la Porsche 911, ambalo injini yake ilikuwa kubwa zaidi sana. Mwaka 1976 Singh akashinda tena kwa Lancer. Matope na mashimo ya njia zetu hayakusoma hesabu ya farasi.

Limebaki jambo la ukweli. Katika Uingereza mtu akibadili injini hupaswa kuiarifu ofisi ya serikali iandikishayo magari, na kuwaambia watu wa bima. Wa bima wakisikia silinda nane, huenda wakapandisha malipo. Ndipo wengine hunyamaza. Kwa nje gari ni lilelile, nani atajua? Siku ya ajali atajua mjane wa mtu aliyegongwa, atakapotaka malipo akaona wakubwa wa bima wanabishana. Kwa hiyo mimi ningemwuliza mtu wetu swali hili kabla ya mengine yote: Je, uko tayari kuiandika injini hiyo kwa mkono wako katika karatasi ya bima? Akisita, ameshajijibu.

Ikiwa hasiti, na fedha ya breki ipo wala haikutolewa katika karo ya watoto, na mkewe akiisha kuambiwa habari yote angali radhi kuketi upande wa pili, sioni kosa akiitia injini ya Rover. Ila ningemshauri kwanza aifanye upya ile ya zamani, aendeshe mwaka mmoja, aone kama kilichochoka kilikuwa injini au yeye. Na hata akikata shauri kuiondoa, asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aipake mafuta, aifunike kwa turubai, aiweke bandani pamoja na nambari yake, kwa kuwa Abingdon hawatengenezi nyingine, na atakayelinunua gari hilo baada yake huenda akataka kuirudisha.