Haki ya Mja na Radhi ya Dola: Suala la Pramoedya Ananta Toer

Mafundisho ya Kiislamu hutenganisha haki ya Mungu, yaani yale ambayo mja humkosea Muumba wake peke yake, na haki ya mja, yaani dhuluma anayotendewa binadamu. Toba ya dhuluma hii ya pili haitimii kwa majuto na nia ya kutorudia tu, bali humlazimu mkosaji arudishe alichokitwaa au asamehewe na mwenyewe aliyedhulumiwa. Suala hili lilijitokeza kwa uzito nchini Indonesia mwaka 2000, pale Rais Abdurrahman Wahid, mwanazuoni aliyewahi kuiongoza jumuiya ya Nahdlatul Ulama, alipowaomba radhi wahanga wa mauaji ya 1965 na 1966 ya watu walioshukiwa kuwa wakomunisti, ambayo vijana wa jumuiya hiyo walishiriki, naye mwandishi Pramoedya Ananta Toer akaikataa radhi hiyo.

Kilichotwaliwa kwake kilikuwa kingi. Alipokamatwa Oktoba 1965 alipigwa kwa kitako cha bunduki hata usikivu wake ukaharibika, na maktaba yake pamoja na miswada ikateketezwa. Alifungwa miaka 14 bila kufikishwa mahakamani, mingi kati ya hiyo katika kisiwa cha Buru, ambako, kwa kunyimwa kalamu na karatasi, aliwasimulia wafungwa wenzake kisa cha Minke, kijana wa Kijava anayejifunza uandishi chini ya utawala wa Waholanzi. Baadaye aliporuhusiwa kuandika, kisa hicho kikawa riwaya nne, ambazo ya kwanza, Bumi Manusia, ilichapishwa 1980 na kupigwa marufuku mwaka uliofuata.

Mshairi Goenawan Mohamad alimwandikia barua ya wazi, akimkumbusha mfano wa Nelson Mandela, aliyewasamehe waliomfunga. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini haigusi kiini, kwa sababu Pramoedya hakudai kisasi. Alidai sheria na mahakama, yaani kile ambacho dola bado ilikuwa na uwezo wa kukirudisha, maadamu miswada iliyoungua haikurudishika, na waliouawa hawakuwa na mtu aliye hai mwenye mamlaka ya kusamehe kwa niaba yao.

Hata hivyo mizani hiyohiyo humpima na yeye. Kabla ya 1965, akiwa katika Lekra, jumuiya ya wasanii iliyokuwa karibu na chama cha kikomunisti, aliwashambulia vikali gazetini waandishi waliounga mkono Manifesto ya Utamaduni ya 1963, ambayo Rais Sukarno aliipiga marufuku mwaka uliofuata; na alipopewa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1995, mwandishi Mochtar Lubis aliirudisha ya kwake kwa kupinga. Pramoedya aliyaona mashambulizi yale kuwa malumbano ya kalamu tu. Ni kweli kwamba hayawezi kulinganishwa na Buru, lakini walioumizwa nayo walikuwa na haki ya kumdai, na deni hilo halikufutwa na kifungo chake, kwa kuwa mateso aliyoyapata mikononi mwa wengine hayakuwa malipo kwao.