Jiwe Hilo Lina Jina, Litafute

Anayedhani kuchagua mawe ni kazi ya wageni wenye kofia pana na nyundo ndogo, aende Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, Kenya. Mwaka 2023 jarida la Science lilitangaza zana za mawe zilizofukuliwa pale, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Miaka miwili baadaye watafiti wakaongeza jambo: mawe mengi kati ya hayo si ya pale. Ya karibu yalikuwa laini mno kwa kazi ile, hivyo waliotengeneza zana wakayafuata magumu hadi umbali wa kilomita 13. Na nani aliyewaelekeza wataalamu mahali penyewe? Mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi nao huko huko Homa ndiye aliyewaambia waende wakaangalie.

Basi wewe kijana wa Nyatike, wewe dada wa Mbita, mnangoja nani? Nyumba ngapi huko kwenu zina jiwe la ajabu dirishani, limeokotwa mtoni au shambani, na kila mgeni akiuliza ni nini anajibiwa, “Sijui, linang'aa tu”? Swali la pili huwa bei. Hapo ndipo tunapoliwa. Ukimuuliza dalali bei kabla hujajua umeshika nini, atakujibu upesi sana, na jibu lake litamfaa yeye. Geuza mpangilio: jina kwanza, bei baadaye.

Na usiniambie huna maabara. Unayo jikoni. Chukua kipande cha taili kilichobaki kwa fundi, kigeuze upande wa nyuma usiong'aa, kisha kwaruza jiwe lako juu yake kwa nguvu. Tazama rangi ya unga unaobaki, usitazame jiwe. Dhahabu itaacha mstari wa manjano ya dhahabu. Pairaiti, ile inayowadanganya watu kila msimu wa mvua, inaacha mstari mweusi wenye ukijani, ingawa usoni ni ya manjano kabisa. Huna taili? Weka chembe juu ya chuma na uigonge. Dhahabu itabonyea na kutandazika, pairaiti itavunjika vipande. Na zile punje bapa zinazometameta mchangani, zinazoelea kwenye karai maji yakizungushwa? Huo ni ulanga, ndugu yangu. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, haielei hata ikibembelezwa.

Migori ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu miamba yake haina haya. Mkanda wa dhahabu unaopita Nyatike ni wa mawe yaliyotoka volkeno zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, yakakunjwa, yakapasuka, na nyufa zake zikajazwa na kwatsi nyeupe. Mwanajiolojia Robert Shackleton aliuandikia ripoti nzima mwaka 1946. Mgodi wa Macalder ulitoa shaba, dhahabu na fedha hadi ulipofungwa mwaka 1966, na hadi leo wachimbaji wadogo wako mashimoni. Ukiokota huko jiwe lenye madoa ya kijani kibichi, anza kushuku malakaiti, yaani shaba iliyooza kwa hewa na maji. Ukiokota jiwe zito lenye mistari myekundu na myeusi kwa zamu, lisogezee sumaku ya spika iliyokufa. Ikivutwa, umeshika jiwe la chuma la enzi ambazo hata samaki hawakuwepo duniani.

Homa Bay ni kisa kingine kabisa. Mlima Homa, vilima vya Ruri na Rangwa ni volkeno, na ndani yake mna mwamba ambao mtu yeyote angeuita chokaa ya kawaida. Ponda kidogo, mwagia maji ya ndimu, usikilize: unachemka. Chokaa hiyo haikutoka baharini, ilipanda kutoka chini ya ardhi ikiwa ya moto. Inaitwa kabonataiti. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi kama kitu hicho kinawezekana, mpaka Oldoinyo Lengai huko Tanzania ilipoonekana mwaka 1960 ikimwaga lava ya jamii hiyo. Wewe una mwamba huo juu ya kilima cha nyuma ya shule.

Sasa ugumu. Ukucha wako unakwaruza vilivyo laini tu, kisu kinakwaruza kalsaiti, madini ya chokaa, lakini kinashindwa na kwatsi, na kwatsi inakwaruza chupa. Friedrich Mohs alipanga ngazi hiyo mwaka 1812, na kisu chako kinaipanda bila ada.

Lakini majaribio haya yote hayana maana kama hukuandika jiwe limetoka wapi. Jiwe lisilo na mahali ni yatima. Lifunge kwenye karatasi, andika kijiji, mto au kilima, upande gani, tarehe, na kama lilikuwa mwambani au limeviringishwa na maji. Piga picha ukiwa umeweka sarafu kando yake. Mtaalamu anayepokea jiwe lenye maelezo hayo atafanya kazi. Akipokea kokoto tupu atakisia tu, na makisio hata ya wajuzi huyumba. Tanzanaiti ilipopatikana Mererani mwaka 1967, mtafuta madini Manuel d'Souza aliidhania olivini, kisha akafikiri ni madini mengine, mpaka vipimo vilipoonyesha ni aina ya zoisaiti. Na Jumanne Ngoma, aliyeleta vipande vya tanzanaiti mapema, alitambuliwa hadharani na Rais Magufuli wa Tanzania mwaka 2018, miaka mingi baadaye. Karatasi yenye tarehe si kitu kidogo.

Kuna mipaka, na niiseme kwa ukali. Usiingie shimo la mtu. Usilambe jiwe wala kuchoma lolote kujaribu, maana madini ya salfa ya Macalder yana aseniki, na zebaki ya wachimbaji haina huruma na mapafu. Ukikuta mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lililochongwa, Rusinga au Kanjera, usiling'oe: liache lilivyo, piga picha, uwaarifu Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 nayo inasema madini yote ni ya Jamhuri, kwa hiyo kukusanya vipande vya kujifunzia ni jambo moja, kuchimba na kuuza bila kibali ni jingine.

Usiogope kuonekana mshamba pia. Madini House, ofisi za serikali za madini, iko Barabara ya Machakos, eneo la viwanda Nairobi. Ingia na mafungu yako yaliyoandikwa. Walimu wa jiografia wa Rongo, Kendu Bay na Suba, anzisheni kabati la mawe la shule, kila mwanafunzi alete moja na aliandikie. Jumamosi mto ukishuka baada ya mvua, nendeni wanne watano, na mmoja abebe kipande cha taili.