Kijana Wetu Anapokwenda Kusomea Upolisi

Kila Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi za ajira, ofisi zetu za usharika hupata wageni: vijana wanaohitaji barua ya utambulisho, na wazazi wanaotuomba tuwaombee watoto wao. Tunaandika barua na tunawaombea. Lakini wakishaondoka, swali hubaki miongoni mwetu. Je, Mkristo anaweza kwenda chuoni kujifunza kukamata watu, kushika silaha na kuhoji watuhumiwa, kisha Jumapili akapiga magoti kwenye Meza ya Bwana kwa dhamiri safi?

Swali hili si geni. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini (Luka 3:14). Yohana hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kudhulumu na kusingizia watu, akawataka waridhike na mishahara yao. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kijitabu kizima kujibu kama askari nao wanaweza kuokolewa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linafundisha kwamba Mkristo anaweza kushika kazi ya serikali na ya uamuzi bila kutenda dhambi. Basi kazi yenyewe ni njema. Lililobaki ni jinsi atakavyoifanya.

Hapo ndipo masomo yanapokuwa jambo la imani. Tukisikia kijana amekwenda Chuo cha Polisi Moshi, tunafikiria kwata na shabaha. Hayo yamo, lakini moyo wa taaluma ya haki jinai ni kujifunza kutoamini tuhuma haraka. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa, na inakataza mtu yeyote kuteswa. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka maungamo ya mtuhumiwa yawe ya hiari, si ya vitisho.

Mkristo anayezisoma sheria hizi hakutani na mambo mageni. Nikodemo aliuliza kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza (Yohana 7:51). Paulo, akiwa tayari amefungwa ili apigwe mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa (Matendo 22:25). Nayo Katekisimo Ndogo, tuliyojifunza tukiwa kipaimara, inaeleza kwamba amri ya tano haikomei kutokuua: tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie. Mtu aliye mahabusu ni jirani, hata kama kweli ameiba.

Tusidhani kwamba ukatili hutoka daima katika moyo wa kinyama. Mara nyingine hutoka katika kutojua kazi. Mpelelezi asiyejua kulinda eneo la tukio, kumhoji shahidi kwa utulivu na kuandika maelezo sawasawa, atashawishika kuutafuta ushahidi kwenye mwili wa mtuhumiwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayekariri ili apate cheti tu hajidanganyi peke yake. Kuna mtu atakayelipa gharama ya uvivu wake. Kusoma kwa bidii darasani ni kumpenda jirani ambaye bado hajakutana naye.

Hata hivyo, elimu peke yake haitoshi. Itafika siku mkubwa wake atamwambia, "Mpige mpaka aseme." Luther alijibu kwamba askari akijua kwa hakika kuwa bwana wake anatenda isivyo haki, amtii Mungu kuliko mwanadamu. Ni rahisi kuyasema hayo mimbarani. Kwa kijana anayewalipia ada wadogo zake, kukataa amri kunaweza kumgharimu uhamisho au mkate wake. Kanisa lisimfundishe ujasiri kisha likamwacha peke yake siku ya kuulipia.

Na sisi washarika tunapimwa papo hapo. Tunalalamikia rushwa, lakini mpwa wetu akikamatwa usiku tunampigia simu askari tunayeimba naye kwaya: "Mwachie, huyo ni wetu." Kibaka akishikwa mtaani, wapo kati yetu wanaookota mawe kabla polisi hawajafika. Tutamtakaje askari amsikilize mtuhumiwa, ikiwa sisi hatumpi nafasi ya kusema neno?

Mlinzi wa gereza la Filipi aliwaosha majeraha wafungwa aliokuwa amewatia miguu katika mkatale (Matendo 16:33), na Maandiko hayasemi kwamba aliacha kazi yake. Askari wa namna hiyo tunawahitaji. Tuwalee tangu kipaimara, tuwatembelee wakiwa chuoni, tuwasikilize wanaporudi wamelemewa na waliyoyaona. Na tukishawapata, tusiwe wa kwanza kuwaomba wapindishe haki kwa ajili yetu.