Kufa kwa Papa na Ndimi Zetu

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyeandika mauti juu ya kila nafsi, asimwache mfalme wala mwombaji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, imetufikia katika darsa yetu barua ya kijana mmoja wa Makueni, na twaona haifai kumjibu yeye peke yake, kwani kosa alilolieleza wamelifanya wengi, na huku kwetu pwani limefanywa zaidi.

Kijana huyu ni Mkamba. Alisilimu Mombasa alipokuwa akifanya kazi, akahudhuria darsa yetu kwa muda, kisha akarudi kwao upande wa Wote. Mama yake ni Mkatoliki, tena wa wale wasiokosa kanisani Jumapili. Jumatatu ya tarehe 21 Aprili 2025, siku iliyofuata Pasaka yao, redio ilitangaza ya kuwa Papa Francis amekufa huko Roma, naye ana umri wa miaka 88. Mama akaketi akalia. Kijana akaingia akamkuta katika hali hiyo, na badala ya kumpa pole akasema, mbele yake na mbele ya majirani waliokuwapo, ya kuwa kafiri mmoja amepungua. Mama hakumjibu. Hakumjibu siku ile wala siku zilizofuata. Chakula humwekea, lakini neno hamwambii. Sasa kijana atuuliza: je, nimekosa, ama nimesimama katika haki?

Twamwambia: umekosa, nasi tumekosa pamoja nawe. Kwani sisi ndio tuliokufundisha shahada na nguzo za dini na mambo yatenguayo udhu, na katika muda wote huo hatukumbuki kwamba tulikaa nawe hata siku moja tukakufundisha haki ya mama asiyekuwa Mwislamu. Nayo imo katika Qur'ani, katika Suratu Luqman, ambamo mtoto ameamrishwa asiwatii wazazi wakimtaka amshirikishe Mungu, lakini papo hapo akaamrishwa akae nao duniani kwa wema. Na Bibi Asma binti Abubakar alijiwa na mama yake Madina, naye mama yungali katika dini ya Makureshi, akamwendea Mtume kumwuliza kama amuunge, na Mtume akamwamrisha amuunge. Hadithi hii ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Mama yule alikuwa mwabudu masanamu. Wako wewe ni katika watu wa Kitabu.

Ama neno lenyewe alilolitamka, hilo tumelisikia na huku. Barazani wengine walifanya mzaha wa papa wa baharini, wakacheka, na watu wazima wenye ndevu nyeupe wakacheka nao. Twawauliza: mzaha huo mumeusoma katika sunna ipi? Mtume wetu lilipita mbele yake jeneza la Myahudi akasimama; na alipoambiwa ya kuwa ni Myahudi, akawarudishia swali, kama yule naye hakuwa nafsi. Na Bibi Aisha amepokea katazo la kuwatukana maiti, kwa kuwa wamekwisha kufikia yale waliyoyatanguliza. Na katika mapokezi ya Tirmidhi sababu nyingine imetajwa, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi: kumtukana maiti kunawaudhi walio hai. Papa Francis hakusikia neno la kijana wetu. Aliyesikia ni mama.

Na mtu wa pwani asiyewajua watu wa Kitui na Makueni huenda akauliza, mama wa Kikamba na mtu wa Roma wapi na wapi? Sisi wengi wetu Ukambani twakujua kwa dirisha la basi, hushuka Mtito Andei tukanywa chai na kuswali, kisha tukapanda. Lakini Kitui ina dayosisi yake tangu mwaka 1964, na dayosisi ya Wote aliiunda huyu huyu Papa Francis mwaka 2023, akawapa askofu wao wenyewe. Na alipokuja Nairobi mwezi wa Novemba 2015 alikwenda Kangemi kwa maskini, akanena juu ya wanyang'anyi wa ardhi na juu ya watu kukosa maji safi. Neno la maji likisemwa mbele ya mwanamke wa Ukambani, ambaye umri wake wote ameuchukua mgongoni pamoja na mtungi, halimtoki moyoni upesi. Basi kilio chake kina sababu, hata kama imani yake siyo imani yetu.

Safari ile ile ya 2015 alikutana Nairobi na viongozi wa dini, Waislamu wakiwamo. Ilikuwa haijapata miezi 8 tangu kuuawa watu 148 Garissa katika chuo kikuu. Angaliweza kuja na maneno ya kulaumu umma mzima, na wako watu wangalimshangilia. Yeye akasema ya kuwa jina la Mungu halifai kutumiwa kuhalalisha chuki na mauaji, asitutupie lawama sisi sote. Na katika vita vya Gaza, tangu Oktoba 2023, alikuwa akiwapigia simu watu wa kanisa dogo lililoko huko karibu kila jioni, na katika ujumbe wake wa Pasaka, siku moja kabla ya kufa, alitaka vita visimamishwe. Twayataja haya kwa kuwa ni kweli, na uadilifu watutaka tuseme kweli hata kwa tusiyekubaliana naye katika asili ya dini. Suratul-Mumtahina haikutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Tena neno la namna ile katika nchi ile lina hatari yake. Katika Kitui ya mashariki, upande unaopakana na Tana River, kumekuwa na ugomvi wa miaka mingi baina ya wakulima wa Kikamba na wafugaji wa ngamia, na damu imemwagika. Asili yake ni maji na malisho, wala siyo dini. Lakini wafugaji wale aghlabu ni Waislamu, na wakulima aghlabu ni Wakristo. Mtu akisimama hapo akafurahia msiba wa hawa, amewapa wachochezi ushahidi wasiokuwa nao. Na Waislamu wa Kitui na Mwingi, walio wachache na wenye maduka na watoto shuleni, ndio watakaolipa.

Kuna na kundi jingine, nalo halitupendezi vilevile. Hao walipoona bendera za serikali zimeshushwa nusu mlingoti na kila mtu analia, wakaona aibu kuwa nyuma, wakaandika na kutangaza, Mungu amlaze mahali pema peponi, amghufirie. Mmoja wao alitutolea hoja ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyeswaliwa na Mtume. Ndugu yetu huyu hakumaliza kusoma: Najashi aliswaliwa kwa sababu alikufa Mwislamu. Kumwombea maghufira aliyekufa nje ya Uislamu tumekatazwa, na Suratut-Tawba imelibainisha hilo. Pepo siyo shamba letu hata tukaigawa, kama vile moto usivyokuwa wetu hata tukamsukumia mtu.

Bali pole yajuzu. Sheikh mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, aliyetia saini pamoja na Papa huyo waraka wa udugu wa wanadamu Abu Dhabi mwaka 2019, alitoa taazia zake, wala hakuna aliyeona kwamba ameacha dini. Mwambie jirani pole kwa msiba, Mungu awape subira, awaongoze katika kheri. Kaa naye. Misa yao ni ibada yao, hatuingii kuishiriki, na wao hawatuchukii kwa hilo tukiwaeleza kwa adabu.

Na hapa twataka kusema neno ambalo baadhi ya wasomaji wetu watakasirika. Papa Francis aliacha wasia, wa tarehe 29 Juni 2022, azikwe ardhini, kaburi liwe la kawaida lisilo pambo, liandikwe jina lake tu. Na sanduku lake akaamrisha liwe moja la mbao, ambapo waliomtangulia walitiwa katika matatu. Hatusemi ya kuwa mazishi yao ni kigezo chetu. Sisi twazika kwa sanda, na Mtume wetu alikwisha kukataza kutia chokaa makaburi na kuyajengea. Lakini tazameni makaburi yetu, tazameni na matanga yetu. Mjane ameachiwa watoto, na siku ya tatu atakiwa atoe pilau ya watu mia, akope, auze bangili zake, na sisi masheikh twaketi mbele ya sinia! Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikemea israfu na bidaa hapa Mombasa tangu miaka ya 1930 katika gazeti lake la al-Islah. Ni haya kwetu kwamba wasia wa mtu wa Roma umekaribia mafunzo hayo kuliko matanga ya mtaani kwetu.

Tumrudie kijana. Ameuliza afanye nini, kwani aona haya kuanza. Twamwambia asianze kwa hoja. Asimweleze mama tofauti ya shirki na tauhidi katika siku hizi. Aende akaketi chini karibu naye, amwite mwaitu kama alivyokuwa akimwita udogoni, amwombe radhi kwa neno lile hasa, alitaje, asiseme tu nisamehe kwa yote. Na majirani waliolisikia awaendee pia, mmoja mmoja.

Kabla waraka huu haujatoka imetufikia habari yake ya pili. Alifanya hivyo siku ya Ijumaa, baada ya swala. Mama alinyamaza kitambo kirefu, kisha akamwuliza kama amekula.